Barua Kwenye Kioo Cheusi

Tik. Ukafuata mvumo mdogo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Bi Insaf aliondoa kidole kwenye kitufe cha kuwashia, akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta ya marehemu mumewe kama alivyokaa kila alfajiri kwa siku thelathini na tisa.

Kioo kiliwaka, lakini kiliwaka cheusi. Maandishi yalikuwamo, meusi juu ya weusi, hayaonekani. Pembeni tu vilibaki vipande vya manjano, vikubwa kama vigae, vimekatika katikati.

Wiki moja kabla ya kufariki, Haji Bahgat alimshika mkono akamwambia, "Nimekuandikia kitu. Kimo humo. Usimpe mtu akusomee. Soma mwenyewe."

Ndiye aliyemfundisha kusoma. Haji alipostaafu ukarani katika kiwanda cha nguo hapo mjini Mahalla, Bi Insaf alikuwa na miaka hamsini na tisa na hajui hata alifu. Alimkalisha mbele ya kioo hicho hicho, akambonyezea herufi moja moja, na hakuwahi kumcheka.

"Mama, umeshakaa hapo tena?" Sausan, binti yake, alisimama mlangoni, mikono imejaa unga. Kesho ilikuwa arobaini, na mikate ya kugawa makaburini ilikuwa inaumuka jikoni. "Hiyo mashine imenizidi umri. Kesho kutwa akipita mtu wa vyuma chakavu nampa, chumba kipate nafasi."

"Imekuzidi umri na adabu pia. Haijawahi kunijibu hata siku moja."

Sausan akacheka, halafu akakumbuka msiba, akaziba mdomo kwa mkono wenye unga.

"Nimemwita fundi Wadii," akasema Bi Insaf. "Akishindwa, mpe huyo mtu wa vyuma. Ila akishindwa, mwanangu, baba yako atakuwa ameniandikia nami sikumsoma."

Wadii alifika saa tatu. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, fundi wa redio na televisheni wa mtaa wa pili. Kiti cha Haji kilikuwa wazi, lakini hakukikalia. Alikwenda jikoni mwenyewe, akachukua stuli. Bi Insaf aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Sausan akamletea mkate wa moto.

"Mikono yako isichoke, binti. Lakini sisi Wakristo tuko kwenye mfungo, hatugusi cha mnyama, na mkate huu unanukia samli mpaka barabarani. Unataka kuniingiza motoni?"

"Motoni utaingia kwa kuchelewa, fundi. Uliahidi jana."

"Hilo nitajitetea mwenyewe."

Bi Insaf akauondoa mkate, akarudi na chai isiyo na maziwa na kisahani cha tende.

Wadii alizungusha vifundo vya mwanga chini ya kioo. Weusi ukawa wa kijivu, lakini herufi hazikutokea. "Nani alizichezea rangi hizi, mama?"

"Haji mwenyewe."

"Herufi kazikuza mara nne. Kaweka manjano juu ya nyeusi, kisha akaendelea kubadilisha mpaka nyeusi ikameza kila kitu. Mwenye macho mazima hafanyi hivi." Akamgeukia. "Alikuwa anaona kweli?"

"Alikuwa anaona kidogo," alisema Bi Insaf.

Haikuwa kweli, na alijua. Kila asubuhi, hata baada ya yeye kujua kusoma, Haji alimsomea gazeti wakinywa chai. Siku moja, majira ya baridi, Bi Insaf alimpa gazeti la wiki iliyopita kwa bahati mbaya. Alipotaka kumwambia, Haji alikuwa ameshalifungua na anamsomea habari za mvua kubwa iliyonyesha Aleksandria usiku ule. Mvua ile haikuwamo kwenye gazeti. Wala gazeti lenyewe halikuwa limeshikwa upande ulio sawa.

Bi Insaf hakumsahihisha. "Enhe, halafu?" akamwambia. Kuanzia siku hiyo akawa anamwekea bilauri ya chai kiganjani badala ya mezani, na kuvisogeza viatu njiani kabla hajapita. Miezi mitatu alisema enhe, halafu. Aliona kumwambia kungekuwa kumvua nguo.

Wadii alifumba macho, akaanza kubonyeza kwa kukumbuka, midomo ikihesabu. Chini mara tatu. Kushoto. Kubali. Mashine ikalia mlio wa kukataa. Akarudia, ikakataa tena. Kisha akajipiga paji la uso.

"Mjinga mimi! Dukani naletewa za Kiingereza tu. Hii ni ya kwetu, ya Kiarabu, imepangwa kuanzia kulia. Nimekuwa nikimtafuta mtu nyuma ya mlango wa jirani."

Akabonyeza kulia. Kioo kikapepesa, kikatulia, kikawa samawati kama enzi zile za masomo. Bi Insaf aliinuka bila kujua kwamba ameinuka. Kulia juu kulikuwa na faili moja tu. Wadii akalifungua.

Mistari michache ikajitokeza, herufi kubwa, lakini zote za kigeni, za Kiingereza. Neno la kwanza lilikuwa hivi: hkwht.

Sausan alikuwa amekuja kuchungulia. "Hii lugha gani tena?"

Fundi alizitazama herufi, kisha vitufe. Kisha akasema taratibu, "Si lugha. Tazama, mama. Vitufe hivi viwili ukivishika pamoja, mwandiko unahama, kutoka wetu kwenda wa kigeni. Ukivishika hivyo hivyo na kuongeza kile cha juu, rangi za kioo zinageuka, herufi zinakuwa kali kwa mtu asiyeona vizuri. Haji alikuwa anatafuta mwanga. Mwandiko ukahama mikononi mwake, asijue. Ameandika yote bila kuona hata herufi moja."

Sausan akashika ukingo wa mlango. "Baba alikuwa haoni?"

Bi Insaf alikuwa bado anazikodolea zile herufi.

"Ninaweza kuirudisha," Wadii alisema. "Dakika kumi tu, itasomeka."

"Ukiirudisha, utaisoma."

"Nitaisoma, mama, sina namna."

"Basi iache. Nionyeshe tu njia."

Akamwonyesha. Kila kitufe kina herufi mbili, ya kigeni juu, ya kwao chini. Aitafute ile ya kwenye kioo, kisha asome iliyo chini yake. Baada ya hapo akainuka na stuli yake. "Binti, hilo tanuri lako moto wake hafifu. Mtungi wa gesi umekwisha. Njoo nikubadilishie." Akamtangulia Sausan jikoni, akaufunga mlango nyuma yao.

Bi Insaf alivaa miwani, akachukua penseli na bahasha tupu. Alikizungusha kidole juu ya vitufe mpaka akakipata cha kwanza. Alifu. Akaandika. Nuni. Sadi. Alifu. Fa.

Lilikuwa jina lake.

Akaendelea. Mikate ya kwanza iliiva, na ya pili, naye yuko mstari wa tatu. Haji alikuwa ameandika maneno machache, kama mtu anayepita chumba chenye giza akipapasa ukuta.

*Insaf. Macho yamekwisha. Miezi mitatu sasa. Gazeti nilikuwa natunga. Mvua ya Aleksandria haikunyesha. Sikutaka ubebe na hili. Nisamehe.*

Penseli ikasimama.

"Nilijua, Bahgat," alikiambia kioo. "Nilijua siku ile ile."

Kumbe kila mmoja alimficha mwenzake jambo lile lile, meza moja, chai moja, asubuhi tisini. Angelisema neno moja tu, Haji asingekaa peke yake mbele ya weusi huu akipapasa. Bi Insaf alilia kwa sauti, na jikoni vyombo vikagongana kwa kelele nyingi kuliko kazi iliyokuwapo, ili asisikike.

Alipojifuta, mstari mmoja ulibaki. Akauandama kitufe kwa kitufe, bila haraka, kwa sababu ukiisha hakutakuwa na mwingine.

*Arobaini njoo na mikate ya ufuta. Chukua na gazeti. Safari hii soma wewe, nami nitasema enhe, halafu. Ukimaliza nenda nyumbani, usikae juani. Kisha uje tena.*