Sindano ya Nne

Mlango wa maabara umeandikwa kwa herufi kubwa: WAFANYAKAZI TU. Mgeni aliingia hivyo hivyo, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni.

"Mama yangu anauliza, nyinyi ni maabara au kupe?" akasema. "Mara tatu mmemtoa damu, mara tatu mnasema imeharibika!"

Mpimaji alijizuia kucheka. Begi lake lilikuwa begani tayari. Dada yake alimsubiri getini na gari, waende kwa mama yao ambaye hawajaonana naye miezi saba.

"Mwambie mama hatadungwa tena leo," alisema. "Na majibu nitamletea mwenyewe."

Ahadi ni deni. Akaweka begi chini, akaitoa mirija mitatu ya damu ya mama huyo kwenye kapu la taka. Maji ya damu, yanayobaki juu chembe zikishatuama, huwa ya manjano. Haya yalikuwa mekundu katika mirija yote mitatu. Wenzake walikuwa wameandika neno lao la siku zote: *imetolewa vibaya*. Lakini wauguzi watatu, mikono mitatu, wote wakosee sawasawa?

Chembe nyekundu zikipasuka mwilini, rangi yake humwagika, na ikizidi huumiza figo. Ndipo protini iitwayo haptoglobini huikumbatia rangi hiyo ikaisindikiza mpaka iondolewe kwenye damu. Huondolewa pamoja nayo, wala hairudi. Ila chembe zikipasukia ndani ya mrija tu, haptoglobini haina pa kwenda, hivyo ukiipima utaikuta.

Akaanza kulipima tone lililobaki. Simu ikaita.

"Wewe! Mama keshapakua, sisi tunaondoka."

"Tangulieni, dada. Mwambie mama nimeshikwa."

"Ukishikwa wewe huachiwi!"

Jibu likatoka: karibu sifuri. Wasindikizaji wote walishaondoka. Akampigia daktari.

"Basi ni ile dawa mpya tuliyompa juzi, ndiyo inayopasua chembe mwilini," daktari alisema. "Naisimamisha sasa hivi. Tumewahi, figo bado nzima. Nitume muuguzi atoe damu nyingine tuhakikishe?"

"Kesho, daktari. Leo nimeshaahidi."

Wodini, bibi, mama wa yule fundi, alipoliona koti jeupe aliuficha mkono chini ya shuka.

"Na wewe umekuja na sindano?"

Mpimaji akaonyesha viganja vyake vitupu. "Nimekuja na majibu, mama."

Bibi akavikagua viganja, cha kulia, kisha cha kushoto. Ndipo mkono ukatoka polepole, ukapigapiga kitandani kumwonyesha pa kukaa.

"Haya, kaa basi. Umekula?"