Kushauriana na Kukubaliana

Mfasiri wa wizara ya biashara alikuwa ameuhudumia mkataba wa nchi tisa kwa miaka kumi na moja, na mkataba wenyewe ulikuwa bado haujatiwa saini. Kila mjumbe alikuja na lake: huyu ana sukari yake, yule ana saruji yake, mwingine amefuata chai na posho. Neno likianza asubuhi, watu tisa watalivuta hadi jioni. Walimchosha, lakini aliwapenda.

Ndipo wizara ikashikwa na haraka. Nchi moja kubwa ilitaka mkataba wa wawili tu: rasimu Jumatatu, saini Ijumaa. Ngozi zitauzwa kwao, viatu vyao vitaingia huku, na ushuru wa viatu hivyo utapunguzwa nchi hiyo ikitaka, "baada ya kushauriana".

Kaka yake alikuwa fundi viatu, mwenye karakana ya mafundi sita nyuma ya stesheni. Ushuru huo ndio uliomweka mjini.

"Mdogo wangu, mimi mambo makubwa siyajui," alimwambia. "Huo ushuru watauondoa?"

"Hawawezi bila kutuuliza."

"Wakituuliza tukakataa?"

Mfasiri alijua maana ya neno lile. Kushauriana ni kuulizwa tu. Anayeuliza anaweza kuendelea na yake.

Jumatano, akichapa kifungu cha kumi na nne, vidole vyake viliandika "baada ya kukubaliana". Hakukusudia. Ndivyo mkataba wa tisa ulivyosema, na mkono ulishazoea. Kosa aliliona Alhamisi, akisoma mara ya mwisho. Nakala za lugha zote mbili zilikuwa na nguvu sawa kisheria, kwa hiyo neno hilo moja lingetosha kumlinda kaka yake. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini akaliacha.

Ijumaa, kabla ya saini, wafasiri wawili walikaa kulinganisha nakala. Wa upande wa pili alikuwa mzee mpole wa miwani, ambaye Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha waziri. Alipofika kifungu cha kumi na nne akaweka kalamu chini.

"Hapa umeandika kukubaliana. Sisi tulisema kushauriana."

"Maneno hayo yanakaribiana."

"Hayakaribiani, dada, na wewe unajua."

Kwenye mkataba wa tisa, hapo wa sukari angedakia, wa saruji angemuunga mkono, na kifungu kingewekwa kiporo hadi mwezi ujao. Kwa mazoea, mfasiri aligeuka kushoto. Kiti kilikuwa kitupu. Nje ya mlango waziri alishavaa koti la kupigia picha. Mfasiri akalikata neno, akaandika jingine juu yake, akatia herufi za jina lake pembeni.

Alasiri alimkuta kaka yake akipaka soli gundi. Alimweleza yote, hata kosa, hata uongo wake.

"Na wale wenzako wa sukari na saruji hawakusema kitu?"

"Hawakuwepo, kaka. Tulikuwa wawili tu."

Fundi aliigandamiza soli kwa kidole gumba mpaka ikashika. Kisha akawaita mafundi wake sita waache kazi waje wakae, maana alitaka habari ya ushuru waisikie kutoka kinywani mwake.