Hodi ya Saa Tisa

Mwalimu Aurelia Komba alikuwa na miaka sita tangu astaafu kufundisha, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa sala. Alikuwa mjane, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki wa mtaa wao kule Ruhuwiko. Kila siku saa tisa alasiri alifunga mlango, akawasha mshumaa, akasali Rozari ya Huruma ya Mungu kwa sauti, mafungu yote matano, akijiitikia mwenyewe kwa kuwa hakuwa na mwenzake. Majirani walijua. Hata fundi Abdulhamid, aliyekuwa akishona nguo barazani kwake ng'ambo ya njia, alipunguza redio saa hiyo ilipofika.

Ndugu yake pekee aliyebaki ni Otto, kitinda mimba wao, mkulima wa mahindi kijijini Mpitimbi. Otto alikuwa mlevi. Mwaka juzi aliingia kwenye mkutano wa jumuiya ukiwa katikati ya Injili, miguu imejaa matope, akaanza kuwakumbatia akina mama mmoja mmoja huku akilia. Aurelia alimtoa nje kwa mkono wake mwenyewe.

"Ukinywa, usifike kwangu."

"Nimesikia, dada."

Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha, Aurelia alikuwa kwenye fungu la pili aliposikia hodi. Sauti aliijua, ya Otto. Moyoni akasema, leo tena! Hodi ya pili ikaja na kikohozi. Hakuacha kusali; alipandisha sauti. Ya tatu ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kisha kimya. Alimaliza rozari yote, akazima mshumaa, ndipo akafungua. Hapakuwa na mtu.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Otto alikuwa amekutwa kibarazani mwa duka lililofungwa, karibu na yanapopakia magari ya Mpitimbi, ameketi, ameshakufa. Mapafu, daktari alisema. Mfukoni mwake mlikuwa na karatasi ya zahanati ya kijijini iliyomtaka aende hospitali ya mjini bila kuchelewa.

Walimzika Mpitimbi. Aurelia alianzisha nyimbo makaburini kwa sauti isiyotetemeka, na habari za Ijumaa ile hakumwambia mtu.

Siku ya nne baada ya mazishi, akiwa kwenye fungu la pili, alisikia hodi. Na kikohozi nyuma yake. Rozari ilimponyoka mkononi. Alipofungua mlango, jua lilikuwa kali na vumbi la njia halikuwa na alama ya mguu. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Akahamisha sala hadi saa kumi. Hodi ikahamia saa kumi. Akaacha kusali siku tatu, na siku hizo tatu nyumba ilikuwa kimya kabisa. Akaenda kusali kanisani mjini, akapiga magoti mbele, na alipofika fungu la pili, hodi ikatoka mlango wa pembeni, taratibu. Waliokuwa karibu naye hawakugeuza kichwa.

Mariana, katibu wa jumuiya, aliona mwenzake anakonda. Akaleta maji ya baraka na akina mama wanne. Walisali, wakanyunyiza kila kona, wakakemea pepo. Aurelia alikaa katikati yao, na hodi akaisikia wao wakiwa wanakemea.

"Umepata nafuu, mwenyekiti?" Mariana aliuliza.

"Kidogo," akadanganya.

Fundi Abdulhamid hakuwapo miezi hiyo. Alikuwa Nakapanya kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi, mwezi wa nne, alivuka njia kuja kutoa pole. Alikataa kiti cha ndani, akakaa kwenye benchi la barazani.

"Pole sana, Mwalimu. Nilisafiri kesho yake alfajiri, nimeambiwa jana tu. Nami ndiye niliyeongea naye siku ile."

"Siku ipi?"

"Ile Ijumaa ya mvua. Nimetoka msikitini, nimekaa kwenye cherehani, nikamwona anapiga hodi. Hakuwa amekunywa, Wallahi. Alikuwa anatetemeka. Nikamwita, nikamwambia, gonga kwa nguvu, hajakusikia. Akasema, hapana fundi, dada anasali, tusimkatishe. Akakaa hapa nilipokaa mimi."

Aurelia alishika nguzo ya baraza.

"Alikaa?"

"Mpaka mwisho. Ulipokuwa unasema maneno yako kule ndani, yeye huku nje alikuwa akiitikia. Kwa kukohoa hivyohivyo. Ulipokaribia kumaliza akainuka, akaondoka ameshika ukuta."

"Mzee Abdulhamid, kwa nini hukuniita?"

Fundi alitazama mikono yake. "Nilisikia ulivyopandisha sauti, Mwalimu. Nikadhani unajua aliyepo."

Alhamisi ile jumuiya ilikutana nyumbani kwa Mariana. Baada ya somo, Aurelia alisimama akawaeleza yote, bila kuacha fungu la pili wala sauti aliyoipandisha. Aliomba wamchague mwenyekiti mwingine. Mama mmoja alianza kulia, na Mariana, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo, alifunga Biblia yake akainama.

Ijumaa, saa tisa, Aurelia aliwasha mshumaa. Mlango aliuacha wazi. Hodi ilipokuja, alijibu.

"Karibu, Otto."

Hakuingia mtu. Akasubiri. Kisha akaendelea, "Kwa ajili ya mateso makali ya Yesu," akaishia hapo, hakumalizia.

Kutoka barazani, chini chini, kwa pumzi ya mtu aliyechoka, ikaja: "Utuhurumie sisi, na dunia nzima."

Machozi yalimtiririka, ila hakusimama wala kwenda kuchungulia. Alisema sehemu yake, na ile nyingine ikajibiwa, kikohozi kikikatiza hapa na pale, mpaka mafungu yakaisha.

Alipotoka, benchi lilikuwa tupu. Ng'ambo ya njia cherehani ilikuwa imenyamaza. Fundi Abdulhamid alikuwa amesimama, kitambaa mkononi, macho yake kwenye lile benchi.

"Mwalimu," aliita polepole, "leo ulikuwa na mgeni?"