Mguu Juu ya Pedali

...na kama angeachia pedali sasa hivi, kabla hajaambiwa, mapema kidogo tu, upepo ungeingia tena kwenye bomba la breki na kazi yote ya leo ingekwenda na maji, kama ilivyokwenda jana na juzi, na mumewe angetoka uvunguni mwa gari akipangusa mikono na kumlaani muuza vipuri, nimeuziwa kimeo, mama, nimeuziwa kimeo mchana kweupe, na yeye angeitikia pole mzee, kwa sauti ileile ya jana, sauti ya mwizi anayesaidia kumtafuta mwizi, maana kimeo alikuwa yeye, mguu wake yeye, unaoachia pedali kabla ya wakati kila mara, makusudi, huku macho ameyakaza kwenye usukani kama mtu aliye kwenye sala. "Shikilia," mumewe alisema kutoka chini, kwenye gurudumu la mbele kulia, la mwisho, "shikilia hapohapo, nati hii ya kutolea upepo ina kiburi," nimeshikilia, alijibu, akasikia spana ikiteleza na mumewe akisonya, mkono huo, mkono huo nao haujarudi wote, daktari alisema utarudi kidogo kidogo, mkono na mguu, upande wa kulia, tangu kiharusi kilipomwangusha bafuni sabuni ikiwa kiganjani... na aliporudi kutoka hospitali kitu cha kwanza alichotaka si chakula wala kitanda, ni gari hili, kuukuu la rangi ya maziwa, walilolinunua kabla hata ya kifungua mimba, pedali zake ngumu kama kukanyaga jiwe, akaliwasha, likapita geti lao likaenda kusimama kwa jirani, jirani akacheka, mumewe akacheka, yeye akacheka kuliko wote na moyoni akashukuru, pedali imesema, basi, pedali imemwambia mwenyewe aache kuendesha, mimi sina haja ya kufungua mdomo. Kumbe. Wiki mbili baadaye akaja na busta kwenye boksi, dude jeusi la duara mfano wa sufuria mbili zilizofunikiana, linavuta hewa ya injini linakuongezea nguvu ya mguu, mama, hata mtoto atalisimamisha kwa kidole gumba, akatoboa bati la mbele, akalifunga mwenyewe hapahapa uani, siku nne, miwani imefungwa uzi, akipiga mluzi, na yeye hakuwa amemsikia akipiga mluzi tangu bafuni, sasa mtu anayepiga mluzi unamwambiaje, unaanzia wapi... "Usiachie!" siachii, mzee, siachii... unamwambiaje kwamba Jumanne alitoka mlango wa jikoni kandambili ya kulia ikamvuka, ikabaki kizingitini, naye akaenda mpaka getini na kurudi, juani, kwenye kokoto, mguu mmoja peku, asijue, akaketi akaomba maji, na yeye akaiokota kandambili akaiweka chini ya kiti taratibu kama anayeficha uchafu wa mtoto mbele ya wageni. Hausikii ule mguu. Hajui uko wapi. Na breki laini haitamwumbua kama ile ngumu, itamtii tu, mpaka siku mguu utakapokuwa juu ya mafuta naye akidhani uko juu ya breki, kwenye mteremko wa shule, wajukuu nyuma, huyu anaimba, yule anauliza kwa nini, kwa nini, babu kwa nini... Jumatatu nawapeleka shule mimi, mumewe alisema, mama yao apumzike, na binti yao alipovutwa pembeni akasema mama, wewe ndiye mkewe, mwambie wewe, kana kwamba ni kumwambia chai imepoa. Ndipo akaanza kuachia pedali mapema. Ilikuwa rahisi, hakuna aliyeumia, upepo unaingia, pedali inakuwa laini kama sifongo, siku inapita. Mpaka leo asubuhi, mkate mdomoni, mumewe akasema nimechoka na huu upepo, leo mwisho, ukibaki na ubaki, pedali ukiipiga mara tatu inakaza, nitakuwa naipiga, na yeye akaiweka birika chini, kwa sababu kumbe ataliendesha hivyohivyo, na kile alichokitia kwenye mabomba kwa mguu wake mwenyewe kingeteremka mlima pamoja na watoto. Mungu wangu, nilikuwa nafanya nini... akaikandamiza pedali mpaka ikagota, wayo ukauma, akausikia kila mfereji wa mpira wa pedali kupitia soli, na hofu haikupungua hata chembe, maana breki zikipona ataendesha na zisipopona ataendesha, hakuna pa kukimbilia, si kwenye nati wala kwenye busta, pamebaki hapo tu, uso wa mumewe, ule uso wa hospitali aliposhindwa kufunga kifungo cha shati na nesi akamfungia. Huo ndio anaouogopa. Siku zote hizi, kuliko mteremko, ameuogopa uso wa mtu mmoja. Lo, na aone haya. "Kidogo tu, mama, imeanza kushika," na goti lake bovu likatetemeka lakini likamtii, goti hilo ndilo lililomtoa kwenye kiti hiki miaka sita nyuma, breki zilimshinda ugumu akampa mumewe funguo akasema endesha wewe, mie basi, na sasa ameketi hapa, na mguu wake, mbovu hivyohivyo, anajua uko wapi.

"Mzee," akasema, "Jumatatu watoto nitawapeleka mimi." Spana ikanyamaza. "Wewe?" "Mimi. Na jana na juzi ni mimi niliyekuwa naachia mapema, si kipuri. Maliza nati kwanza, halafu utoke nikwambie kwa nini." Naye akaendelea kukanyaga.