Majibu Themanini ya Dada Mkubwa

Swali la kumi na mbili kwenye dodoso la saikolojia tunalojaza kambini linasema: "Kabla ya mbio tumbo langu huwa limetulia." Miaka sita sasa najibu Ndiyo. Uongo mtupu. Natapika kila mara, na ndoo naiosha mwenyewe.

Lakini nani mjinga wa kujichongea? Kocha anapanga timu ya kupokezana vijiti kwa kuangalia karatasi hizo, na mimi umri umeshanitupa mkono. Ndiyo maana mdogo wangu alipoitwa kambini, nilimkalisha kitandani nikamkaririsha majibu yote themanini.

"Huogopi, huchoki, hukasiriki. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

Mtoto mtiifu huyu, mpaka anaudhi.

Jana asubuhi mshauri wa saikolojia akaniita ofisini kwake, yaani ile stoo ya magodoro iliyotiwa meza. Mama mtu mzima, miwani yake kaifunga kwa uzi. Akaweka karatasi mbili mbele yangu.

"Hii yako, hii ya mdogo wako. Hapa wote wawili mnasema hamjawahi kukasirika tangu mzaliwe."

"Tumelelewa vizuri," nikasema.

Hakucheka. "Kocha kaisoma hii ya mdogo wako. Anasema binti ana moyo wa chuma, kuanzia kesho anamwongezea mazoezi. Mimi nimemkuta analia bafuni mara mbili wiki hii. Nani kajibu hapa?"

Nikikiri, narudishwa nyumbani, kanuni za kambi ziko wazi. Nisipokiri, anazidishiwa mzigo mtoto aliyekuja huku kwa kunifuata mimi. Nikamkasirikia yule mama, nikamkasirikia kocha, nikajikasirikia mwenyewe kuliko wote.

"Mimi," nikasema. "Chana hiyo. Mpe nyingine ajaze peke yake."

"Na wewe je?"

"Mimi tena nina nini, mama. Nikafunge begi."

Akanisogezea karatasi mpya na kalamu. "Jaza kwanza. Hii haiendi kwa kocha. Miaka yote hiyo nimesoma majibu yako, na sijui hata kidogo wewe ni nani."

Nilikuwa nimechoka hata kubisha. Nikajaza. Natapika, ndiyo. Nakasirika, ndiyo, hata sasa hivi. Naogopa, tena sana. Kumbe kusema kweli hakuchukui muda, dakika chache tu nikawa nimefika swali la sabini na tisa: "Kama ningeweza kuchagua upya leo, ningechagua kukimbia."

Hapo nikakwama. Nje wenzangu walikuwa wanapasha misuli, na nilimsikia mdogo wangu akihesabu pamoja nao, sauti imemkauka. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipovaa viatu vya mbio kwa hamu. Sikuikumbuka.

Nikaweka alama kwenye Hapana. Alama ikatoka imenyooka, na hilo ndilo lililoniliza.