Mkono wa Mama Matonya

Katika chumba cha upasuaji, muuguzi Penina alikuwa amekwisha kunawa dakika tano kamili, akavaa gauni na glovu, akasimama mikono ikiwa kifuani, asiguse kitu. Vyombo vilikuwa mezani juu ya kitambaa kilichotakaswa kwa mvuke. Sidonia, mimba yake ya kwanza, alikwisha kuchomwa ganzi mgongoni, na mapigo ya mtoto yalikuwa yakishuka.

Ndipo mlango ukasukumwa. Akaingia mama mkwe wa Sidonia, Mama Matonya, vumbi la njia ya Gulwe bado liko kwenye kanga.

"Mbukwenyi, mwanangu! Mkwe wangu mzima?" Akaamkia hivyo kwa Kigogo, akanyoosha mikono miwili.

Tangu utotoni Penina hajawahi kuuacha mkono wa mtu mzima ukining'inia. "Shikamoo, mama," akasema, na mkono wake ukawa umekwisha kwenda. Bibi akaushika mpaka kwenye pindo la mkono wa gauni, kisha akaona visu mezani, akatoka kinyumenyume.

Hakuna aliyeona. Daktari Wilbert alikuwa ananawa, amewapa mgongo. Zablon, mtoa dawa ya usingizi, alikuwa amemwinamia Sidonia. Sista Violeth alikuwa chumba cha pili akipasha joto nguo za mtoto.

Penina akaitazama glovu. Haina hata doa. "Safi ni ya macho," Sista Violeth huwaambia kila Jumatatu. "Iliyotakaswa huijui kwa kuitazama. Unaijua kwa kujua imegusa nini."

Na wodini alilala Devota, wiki ya tatu sasa, mshono unatoa usaha. Siku ya upasuaji wake nani alishika nini, hakuna aliyejua. Au yupo aliyejua, akanyamaza.

"Mapigo ya mtoto yameshuka mia na tano," Zablon akasema. "Jamani, tuharakishe."

"Nimechafuka." Sauti ya Penina ilitoka ndogo. "Daktari, nimeshikana mkono na mtu."

"Umefanya nini?"

"Nimesalimia."

"Nyie Wagogo mtaamkia hata kisu!" akasema Zablon, mtani wake wa Kondoa. Hakuna aliyecheka.

"Vua vyote, nawa upya," daktari akasema. "Mimi naanza. Vyombo nitachukua mwenyewe."

Akanawa, kidole kwa kidole, kucha, mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake alisikia vyuma, kisha Sidonia akiuliza, "Mbona halii?" Dakika ya tatu alitaka kukatisha. Hakukatisha.

Alirudi na gauni jipya akamkuta mtoto mikononi mwa Sista Violeth, rangi ya majivu, akisuguliwa mgongo. Kisha kikatoka kilio, chembamba, kama bawaba kavu.

"Nipe uzi," daktari akamwambia bila kuinua macho.

Baadaye, nje, Mama Matonya alikuwa ameficha mikono ndani ya kanga. Alisikia yote pale mlangoni.

"Kumbe mkono wangu uchafu."

"Mle ndani hata wangu ni uchafu, mama." Penina akamnyooshea mkono mtupu, umekunjamana kwa maji. "Hapa nje, nipe."

Bibi akautazama. "Kwanza niambie kama kidonda cha mkwe wangu ni salama."

"Tutajua siku ya tano, tukifungua bandeji."

"Basi tutasalimiana siku ya tano," akasema, na mikono yake ikabaki ndani ya kanga.