Yaya Kavuo Amesema Basi

…donc ndiyo hivyo, basi, neno moja tu, wiki tatu za kazi na yaya Kavuo, dada yangu mkubwa, ananijibu toka Beni kwa neno moja, na hii kompyuta nayo iko na adabu ya padri, inaniuliza kwa Kifaransa kama kweli ninataka kufuta dosie yote ya wimbo, Oui, Non, kidole changu kiko juu ya Oui, mais lakini niache kwanza wimbo uishe kwenye bafle, hata mbuzi wa sikukuu anapewa majani ya mwisho, mara moja tu niwasikie, orkestra yangu ya watu sabini, violons mkono wa kushoto, cellos mkono wa kuume, cors, zile baragumu, kule nyuma karibu na ukuta, na hakuna hata mmoja aliyeniomba chai, mimi niliyeongoza kikundi cha tamthilia hapa Butembo miaka ishirini na tano, ninajua waigizaji sita wanavyoweza kumaliza beseni ya bugali kabla pazia kufunguka, na hawa sabini wanakaa ndani ya kompyuta bila kula, wazungu fulani walipiga note moja moja huko kwao, mashini ikazikamata, wao wakaenda kulala, mimi ndiye ninazipanga, na mwanzoni zilikuwa zinaingia zote pamoja, pah, kama gwaride la askari, mbaya kabisa, nikazisogeza, huyu achelewe kidogo, yule zaidi, kama wakristo wetu siku ya Mungu, na ghafla violons zikapumua, zikakuwa batu… "Papa Jemima!" huyo ni Adèle, bibi yangu, mama Jemima, amekaa mlangoni pa jikoni na lungo ya maharagi, "unanisikia, ao nichambue na mawe ya kukuponda?" ninakusikia, mama, ninakusikia, ngoja… na sauti gani ile asubuhi, simu ikalia, vocal ya yaya, ujumbe wa sauti, ya kwanza tangu miaka miwili, nyuma yake kuku na pikipiki, "Stani, nimesikiliza. Nimesikiliza yote. Mais, basi…" nikazima hapo hapo, vocal ilikuwa na sekunde arobaini, nilisikia tisa, mutu akishakuambia basi unangoja nini tena, risasi ya pili? basi kati yetu, basi na utani wako, basi undugu, na ana haki, ana haki kabisa, yaya aliyenibeba mgongoni kule Lubero wakati mama alikuwa shambani, na mimi nikamlipa namna gani… Lusenge, bwana yake, alikuwa basse ya chorale yao ya kanisa, muimbaji wa sauti ya chini, mutu mfupi na sauti ya lori ya Kasindi inapanda mlima, na siku ya kumuzika yaya mwenyewe akasimama kuanzisha wimbo ule Lusenge alioutunga, wa mavuno ya kakao, akauanzisha juu, juu sana, hakuna mutu wa kumufuata, soprano wenyewe wakafunga vinywa, akaimba peke yake mpaka mwisho, sauti inapasuka, hakuacha hata ubeti mmoja, na mimi nililia siku ile, nililia kweli, halafu miezi minne baadaye mimi mujanja, mimi fundi wa kuchekesha, nikafunga kitambaa kichwani, nikashika mwiko, nikaupandisha wimbo ule jukwaani mpaka macho yakataka kutoka, salle, ukumbi muzima, ikakufa kwa kicheko, mzee mmoja akaanguka na kiti chake, nikasema leo ndiyo siku yangu, kumbe kwenye mustari wa tatu yaya amekaa na mama watatu wa chorale, amepanda gari toka Beni bila kuniambia, alitaka kunifurahisha… akasimama, akachukua sakoshi yake, akatoka polepole, na batu wakafikiri ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi, makofi yale, ee Mungu, ninayasikia mpaka leo… "Papa Jemima, Jemima anauliza kama utakuja kwake Jumapili," hapana, ndiyo, sijui… nikitaka kuomba musamaha kinywa changu kinatoa utani, ndiyo ugonjwa wangu, nilimupigia simu mara moja na neno la kwanza lilikuwa la kuchekesha, akakata, ndiyo maana nikakamata wimbo wenyewe, bila maneno, yaya nikamupa violons, na Lusenge nikamupa contrebasses, zile kubwa za sauti nene, nane, siku tatu nzima kwa hizo nane peke yake, kushusha cellos zisimufunike, kuondoa ule uzito unaofanya muziki ukuwe kama matope ya barabara, kutafuta ndani ya mashini salle ndogo, isiyo ya wafalme, salle yenye kulia kama kanisa lao la mabati, na pale katikati violons zinanyamaza, Lusenge anatembea peke yake chini, anamupa yaya note, yaya anaingia… "Mais leo vifuniko vyangu hapana kulia!" Adèle tena, "siku zote ukifungua ile mambo yako sufuria zinacheza hapa jikoni, tiki tiki tiki, leo kimya, wale wazee wa sauti nene umewafukuza?" acha mambo yako, mama, ninaomboleza hapa, wewe unaniletea vifuniko… vifuniko… ngoja, tuko katikati sasa, violons zimenyamaza, na chini… chini hakuna kitu, kimya, kama vile mutu amesahau kuingia jukwaani, ninaangalia kule nyuma ya dirisha la Oui na Non, mustari wa contrebasses uko wa kijivu, na kile kibutoni cha M kimewaka, M ya muet, bubu, nilikibonyeza mimi mwenyewe juzi, mzee Siméon jirani alikuwa na malaria, akaja kwenye lupango, hapa uani, akishika kichwa, Stanislas, nakuomba, wazee wako wananipasua, nikawanyamazisha, nikaendelea na violons, na jana nikatuma hivyo hivyo, nikamutumia yaya wimbo wa Lusenge bila Lusenge, mimi ni mutu wa namna gani, nimemuzika mara ya pili… na ndiyo sababu, ee, ndiyo sababu siku ile alipanda juu! kila mara ni Lusenge alimuungurumia note pembeni kabla ya kuanza, miaka yote ile, na siku ya maziko hakuna wa kumupa note, hakukosea yaya, alikuwa anamutafuta, na mimi nilicheza kutafuta kwake kwa mwiko… mais basi… mais basi… ngoja kidogo, Stanislas, wewe pumbavu, yaya akikamata neno la Kifaransa hawezi kuliacha bila kuliwekea i nyuma, classe ni klasi, tasse ni tasi, basse ni… simu iko wapi, iko chini ya makaratasi, vidole vyangu vimekuwa ndizi, bonyeza, kuku, pikipiki, "Nimesikiliza yote. Mais, basi iko wapi, Stani? Ile sauti ya chini. Nafika katikati, ninangoja, ninashindwa kuingia. Umeisahau ao? Ngoja nikuonyeshe," anakohoa, yaya anakohoa kama mutu wa kupanda jukwaani, na anaanza, chini, chini kabisa, koo la mwanamuke wa miaka sitini linatafuta fasi ya Lusenge, na dirisha la kompyuta lingali linauliza Oui ao Non, kidole nimekiondoa, wapi, sijui kiko wapi, mutu aliyekukataa hangoji katikati ya wimbo wako, hapana, alingoja, alikaa Beni na simu kwenye sikio akimungojea Lusenge… "Ni nani huyo anaunguruma?" Adèle amesimama na lungo yake, ninatafuta utani wa kumujibu, ninao elfu, hakuna unaokuja, ni yaya, ninasema, yaya Kavuo, anaimba sauti ya bwana yake, nyamaza kidogo, mama, usikie… na hapo kwenye note ya mwisho, ile ya chini sana, koo linamukatikia, inatoka sauti kama ya mbuzi, na yaya anacheka, anacheka peke yake ndani ya simu…